Usaliti wa Agano na Gharama ya Kurejea: Mafunzo ya Nabii Hosea

Msomaji wa Jadida, wilayani Wete, kisiwani Pemba, aliyesomeshwa Qurani chuoni tangu utotoni, amekwisha kukutana na Baali kabla hajafungua kitabu chochote cha manabii wa Kiebrania, kwa kuwa Surat As-Saffat inamtaja Nabii Ilyas akiwalaumu watu wake kwa kumwomba Baali na kumwacha Muumba wao. Ilyas huyo ndiye Eliya wa Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, aliyehubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Kiasi cha karne moja baadaye, katika ufalme uleule na dhidi ya ibada ileile, alisimama Hosea, ambaye Qurani haimtaji kwa jina, lakini kitabu chake chenye sura 14 ndicho kinachoeleza kwa undani zaidi namna umma unavyomsaliti Mola wake na namna unavyorejeshwa.

Baali alikuwa mungu wa tufani na mvua. Mabamba ya udongo yaliyoanza kufukuliwa Ras Shamra, nchini Syria, mwaka 1929, katika magofu ya mji wa kale wa Ugarit, yanaonesha jinsi watu wa pwani ile walivyoamini kwamba rutuba ya ardhi imo mikononi mwake. Waisraeli walipojifunza kilimo katika nchi ambayo haipati mvua wakati wote wa kiangazi, wengi wao hawakuliacha jina la Mungu wa baba zao, bali waliendelea kulitaja kwenye sikukuu huku wakimshukuru Baali kwa nafaka, divai na mafuta. Hapo ndipo Hosea anapoanzia shtaka lake, kwamba neema imetoka kwa mmoja na shukrani imepelekwa kwa mwingine.

Ili kuueleza uovu huo, nabii anatumia mfano wa ndoa, kwa sababu agano, yaani ahadi inayofunga pande mbili kwa kiapo, linafanana na ndoa katika kudai uaminifu wa moyo pamoja na ule wa vitendo. Kitabu kinasimulia kwamba aliamriwa amwoe Gomeri, binti Diblaimu, mwanamke asiyekuwa mwaminifu, na kwamba majina ya watoto waliozaliwa yalikuwa hukumu: Yezreeli, kukumbusha damu iliyomwagwa katika bonde lenye jina hilo, Lo-ruhama, asiyehurumiwa, na Lo-ami, asiye watu wangu.

Ni kosa, hata hivyo, kuusoma mfano huu kana kwamba unawatia hatiani wanawake peke yao. Katika sura ya 4 nabii anasema waziwazi kwamba mabinti na wake hawataadhibiwa kwa uzinzi wao hali wanaume wenyewe ndio wanaojitenga na makahaba na kutoa dhabihu pamoja nao, na lawama nzito kuliko zote anawatwika makuhani, waliolishwa na dhambi za watu badala ya kuwafundisha. Usaliti huo haukuishia madhabahuni. Sokoni ulikuwa katika mizani ya udanganyifu mkononi mwa mfanyabiashara; katika utawala ulikuwa katika kukimbilia mara Misri, mara Ashuru, dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote wakati huo, ambayo Mfalme Menahemu aliilipa talanta 1,000 za fedha, akizitoza kwa matajiri wa nchi yake, ili aimarishwe kwenye kiti chake. Fedha hizo hazikuuokoa ufalme, kwani Samaria, mji wake mkuu, ulianguka mikononi mwa Ashuru mwaka 722 kabla ya Kristo.

Urejesho nao una gharama. Katika sura ya 3 Hosea anatoa shekeli 15 za fedha pamoja na shayiri, homeri moja na nusu, ili kumkomboa mwanamke ambaye wafasiri wengi humchukua kuwa ni Gomeri yuleyule. Kwa kuwa Kitabu cha Kutoka kinaweka fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe kuwa shekeli 30, baadhi yao wanaona kwamba mwanamke huyo alikuwa ameangukia utumwani, na kwamba mkombozi wake, kwa kukosa fedha za kutosha, alijazia kwa nafaka.

Historia ya Pemba inasaidia kulielewa jambo hili. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultan Hamoud bin Mohammed, iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana wake akilipwa fidia, na masuria kwa kawaida waliachwa nje ya utaratibu huo hadi amri ya mwaka 1909. Mwaka huohuo wa 1897 Wakwekeri wa Uingereza walianzisha misheni Pemba, na katika shamba la Banani wakawapa kazi ya ujira watu waliotoka utumwani, kwa kutambua kwamba aliyeachiwa huru bila riziki hajafika mbali. Hosea aliliona jambo hilo mapema: Mungu wake anamwita aliyepotea kwa maneno ya upole jangwani, kisha anamrudishia mashamba yake ya mizabibu, na majina ya watoto yanageuzwa, asiyehurumiwa akahurumiwa, na wasiokuwa watu wake wakaitwa watu wake.

Nabii Yeremia, aliyehubiri katika ufalme wa kusini wa Yuda kuanzia mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo, anaipeleka hoja hii mbele zaidi. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inamkataza mume kumrudia mke aliyempa talaka ikiwa mke huyo ameolewa na mwingine, hata kama mume wa pili amemwacha au amekufa. Hukumu hii inakwenda kinyume na fikihi ya Kiislamu, ambamo aliyeachwa talaka tatu hawezi kurejewa mpaka kwanza aolewe na mwingine na ndoa hiyo iishe. Yeremia anaitaja sheria hiyo katika sura ya 3, anakiri kwamba kwa mujibu wake Israeli hana njia ya kurudi, kisha anatangaza kwamba Mungu anamwita arudi. Msamaha, kwa maelezo yake, hautokani na haki ya mkosaji, bali na rehema ya aliyekosewa.

Rehema hiyo haiondoi wajibu. Sala ya toba ambayo Hosea anawafundisha watu katika sura ya 14 ina mambo matatu ya kuachwa, nayo ni kuitegemea Ashuru, kutegemea farasi wa vita, na kuziita kazi za mikono yao miungu. Kisha inamalizia kwa kumtaja yatima, ambaye kwa Mungu hupata huruma. Mpangilio huo una uzito wake, kwani unaweka kipimo ambacho muumini yeyote anaweza kukitumia: umma uliorejea kwa Mola wake hujulikana kwa namna yatima anavyotendewa ndani yake, na pale yatima anapodhulumiwa, toba iliyotamkwa kwa ulimi bado haijatimia.