Kamusi ya Michael West na mwanafunzi wa Fizi (Sehemu ya 4)

Tangu Kongo itie sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, Kiingereza kimepata uzito mpya kwa kijana wa mji wa Baraka, Fizi, anayetazama Kigoma na Arusha. Katika kutafuta njia nyepesi ya kukijifunza, sehemu iliyopita tulimwacha Ogden, aliyechagua maneno 850 ya Kiingereza chepesi mwaka 1930. Yeye alitaka dunia izungumze kwa maneno hayo tu, tamaa iliyomzidi. Michael West, mwalimu wa Dhaka enzi za Waingereza, alikuwa na busara zaidi: maneno machache yawe ngazi ya kupandia mengine. Mwaka 1935, pamoja na James Endicott, alitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo takriban 24,000 kwa maneno 1,490 pekee. Hebu jaribu wewe kueleza "serikali" au "wivu" chini ya sheria hiyo! Hornby, mtunzi mwingine wa kamusi, naye alichapisha yake Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na mwaka 1978 kamusi ya Longman ikashika njia ya West kwa maneno yapatayo 2,000. Hawa walijua kwamba kueleza neno gumu kwa neno gumu jingine ni majivuno, maradhi ambayo wasomi wetu bado wanayo.

Mwanafunzi wa Fizi hufikia Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Akitafuta "peninsula" anajibiwa "péninsule", anafunga kitabu akiwa palepale alipoanzia. Angeelezwa kwa Kiingereza chepesi kwamba ni nchi kavu yenye maji karibu pande zote, angeinua macho akaiona rasi ya Ubwari ng'ambo ya ghuba. Kuna watakaosema lugha hizo mbili zina maneno mengi ya pamoja, kwa nini tuitupe faida hiyo? Hoja ina nguvu, lakini yanayofanana kwa wingi ni ya vitabuni. "Get", "put" na "take" hayana ndugu Ufaransa, na ndiyo yanayobeba maelezo yote. Wengine watasema anayeanza hana hata hayo 1,490. Ni kweli, basi ayapate kwanza kwa Kiswahili anachokielewa, si kwa lugha ya tatu anayoikariri kwa ajili ya mtihani. Wakuu wa shule mnaonunua vitabu, nunueni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza chepesi, hata kama ni moja kwa kila darasa.