Kioo Kilichonifunza Kumtazama Kinyonga

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi, lakini maana yake niliipata mbele ya kioo, katika Bustani ya Nyoka iliyofunguliwa jijini Nairobi mwaka 1961, kando ya makumbusho.

Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi ziarani. Kinyonga dume wa pembe tatu, mwenyeji wa nyanda zetu za juu, alikuwa amejishikiza kwenye kijiti. Nilimpiga picha upesi upesi. Nilipoitazama picha ile, kinyonga hakuwamo. Palikuwa na mmweko mweupe wa taa ya kamera, na kando yake uso wangu mwenyewe!

Sababu yake si uchawi. Kioo cha kawaida hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga kwa kila upande wake. Kiasi hicho ni kidogo, lakini mtu aliyesimama penye mwangaza akimtazama kiumbe aliye gizani hujiona yeye kwanza. Dawa ni rahisi. Zima taa ya kamera. Pangusa kioo kwa kitambaa laini, kisha usogeze kamera hadi ikaribie kukigusa. Zuia mwanga wa pembeni kwa koti jeusi. Lenga jicho la mnyama, halafu ungoje.

Kuzima taa ni adabu vilevile. Nyoka hana kope za kufumba; jicho lake limefunikwa kwa gamba angavu, hivyo mwanga mkali humpata macho wazi. Hana masikio ya nje pia, ila mtikisiko wa kioo kinachogongwa huufikia mwili wake. Wanafunzi wangu walikuwa wakikigonga, nami nikawakataza.

Mvulana mmoja akaniambia, "Mwalimu, huyu kwetu tungemuua kwa mawe." Sikumkemea. Nilimpa kamera, nikamwagiza angoje kama nilivyongoja mimi. Dakika kadhaa zikapita. Ghafla akanong'ona, "Mwalimu, mbona jicho moja laniangalia mimi na la pili latazama juu?" Naam! Macho ya kinyonga huzunguka kila moja kivyake. Mtoto aliyekuja na jiwe moyoni alikuwa sasa ana swali.

Mwaka 2006 wataalamu waliunda jenasi mpya ya vinyonga, wakaiita Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Ulimwengu wa sayansi umelipokea jina hilo kwa heshima, ilhali mwenye jina bado twamtupia mawe vijijini, japokuwa hana sumu na chakula chake ni wadudu.

Walimu wenzangu, ziara zetu aghalabu ni mbio. Twawahesabu watoto wanapoingia, twawahesabu wanapotoka, wala hatuulizi wameona nini. Afadhali darasa lisimame mbele ya kioo kimoja kwa dakika 10, kila mtoto achore au apige picha, kuliko kuvipita vioo vyote kwa nusu saa.

Picha aliyoipiga mvulana yule ilitoka safi. Tumeibandika ukutani darasani, na chini yake ameandika kwa mkono wake: "Huyu hana sumu. Mwacheni apite."