Jinsi Mtambo wa Pikipiki Unavyovuta Pumzi

Watu wengi wajua kwamba pikipiki ya petroli haiendi bila petroli, wala haidumu bila oili. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba chakula kikubwa kuliko vyote cha mtambo huo ni hewa. Kila gramu moja ya petroli, ili iungue vizuri, yahitaji karibu gramu 15 za hewa. Tukipima kwa lita badala ya uzito, jambo lenyewe lashangaza zaidi. Lita moja tu ya petroli yahitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa katika mji wa Mombasa, ulio usawa wa bahari, na karibu lita 11,000 katika Nairobi, ambako hewa ni nyepesi.

Kwa kuwa petroli hununuliwa na hewa ni ya bure, mwenye pikipiki huitazama sana tangi yake na kuisahau njia ya hewa. Hilo ni kosa lenye gharama. Jamaa nyingi siku hizi hupata chakula na karo ya shule kutokana na pikipiki moja ya bodaboda, na mtambo uliokufa kwa vumbi huiondoa riziki hiyo. Kwa hiyo yafaa kila mpanda pikipiki, na kila fundi anayezitengeneza, ajue jinsi njia ya hewa ilivyopangwa na kwa nini.

MTAMBO HUVUTA HEWA KIASI GANI?

Tuchukue mtambo wa silinda moja wenye ujazo wa cc 125, ambao ni wa kawaida sana katika barabara zetu. Mtambo wa namna hii huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ukizunguka mara 6,000 kwa dakika, utavuta hewa mara 3,000, na kama silinda ingejaa kabisa kila mara, hewa hiyo ingekuwa lita 375 kwa dakika moja. Mtu aliyekaa kimya huvuta lita sita hadi nane tu kwa dakika. Basi pikipiki hiyo ndogo huvuta pumzi kama watu hamsini waliokaa barazani. Kwa saa moja ni lita 22,500.

Sasa fikiri hewa hiyo yatoka wapi. Katika barabara ya udongo wakati wa kiangazi, hutoka katika wingu la vumbi lililotimuliwa na matatu iliyotangulia. Vumbi lina chembe za kwatzi, ambalo ni jiwe gumu kuliko chuma cha silinda. Chembe hizo, hata zile zilizo ndogo kuliko unene wa unywele, zikiingia ndani huchanganyika na oili na kuwa kama dawa ya kunolea visu. Pistoni ikipanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, huusugua ukuta wa silinda mpaka ringi zalegea, oili yaungua, na moshi wa buluu watoka nyuma. Hapo hakuna dawa ila kuchonga silinda upya, au kununua nyingine pamoja na pistoni yake.

SEHEMU ZA NJIA YA HEWA

Njia ya hewa ina sehemu tano. Ya kwanza ni mdomo, ambamo hewa huingilia. Ya pili ni sanduku la hewa, ambalo kwa kawaida hukaa chini ya kiti au ubavuni. Ya tatu ni chujio lililo ndani ya sanduku hilo, ambalo mafundi huliita ea-klina. Ya nne ni bomba la mpira litokalo katika sanduku na kufika kwenye kabureta. Ya tano ni njia fupi kutoka kabureta hadi kwenye valvu ya silinda.

Watu wengine hudhani sanduku ni kopo tu la kuwekea chujio. Sivyo. Mtambo wa silinda moja hauvuti hewa kwa utulivu kama mto utiririkavyo. Huivuta kwa mikupuo, yaani huvuta kwa nguvu, kisha husimama. Sanduku lenye ujazo mara kadhaa kupita ule wa silinda ni kama mtungi wa maji ulio nyumbani: mchotaji huchota kwa kata, na mtungi hujazwa polepole. Kwa njia hiyo hewa hupita katika chujio bila kugombana. Tena sanduku huzuia kelele, kwa maana kila mkupuo ni mlio, na mdomo ulioachwa wazi hunguruma sana.

UPANA WA BOMBA

Fundi akitakiwa kutengeneza bomba jipya, swali la kwanza ni upana. Tuseme tundu la bomba ni milimeta 25. Hewa ya lita 375 kwa dakika ikipita humo hukimbia karibu mita 13 kila sekunde. Lakini tumesema hewa haipiti wakati wote. Huvutwa kwa kiasi cha robo ya muda tu. Kwa hiyo katika mkupuo wenyewe mbio zake zakaribia mita 50 kwa sekunde, ambazo ni mbio za upepo wa tufani.

Mtu akitia bomba la milimeta 20 badala ya 25, huenda akaona tofauti ni ndogo. Lakini ukubwa wa tundu hupimwa kwa eneo lake, na eneo la tundu la milimeta 20 halifiki thuluthi mbili za lile la milimeta 25. Mtambo utakuwa kama mtu anayekimbia huku amebanwa pua. Kinyume chake pia hakifai. Bomba likiwa pana kupita kiasi, hewa huenda polepole, petroli haichanganyiki vizuri, na mtambo hukosa nguvu wakati wa kuondoka na mzigo.

Basi kanuni iliyo salama ni hii: bomba lisiwe jembamba kuliko koo la kabureta, wala lisipanuke wala kubanwa ghafula. Likihitaji kupinda, lipinde kwa duara pana. Na mdomo wake usiwe na kingo kali, bali upanuliwe kidogo kama mdomo wa tarumbeta. Hewa ikikuta ukingo mkali hujikunja na kuziba sehemu ya nafasi. Ikikuta ukingo wa mviringo huteleza na kuingia.

UREFU WA BOMBA

Jambo la urefu ni la ajabu zaidi. Pistoni inapovuta, hupeleka wimbi katika hewa iliyo bombani. Wimbi hilo husafiri kwa mbio za sauti, karibu mita 340 kwa sekunde, mpaka mwisho wa bomba ulio wazi, kisha hurudi likiwa limegeuka: lilikwenda likivuta, larudi likisukuma. Likifika kwenye valvu kabla tu haijafungwa, husukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, na mtambo hupata nguvu zaidi bila kuongezwa kitu chochote. Likichelewa, hukuta mlango umefungwa.

Tufanye hesabu. Mtambo ukizunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde, robo ya mzunguko huchukua sehemu moja katika 400 ya sekunde. Katika muda huo sauti husafiri sentimeta 85, kwenda na kurudi. Kwa hiyo njia yenye urefu wa sentimeta 42 hivi ingelirudisha wimbi baada ya robo mzunguko. Mizunguko ikiwa 12,000, urefu huo hupungua kuwa nusu yake. Katika pikipiki ndogo nafasi ni haba, hivyo mara nyingi wahandisi hutumia bomba fupi zaidi na kulitegemea wimbi lililokwenda na kurudi zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo twajifunza kwamba bomba refu husaidia mtambo uendao polepole na mzigo, na bomba fupi husaidia mtambo wa mashindano uzungukao kwa kasi. Ndiyo sababu kampuni ya Yamaha, katika pikipiki yake YZF-R1 ya mwaka 2007, ilitia vibomba ambavyo hubadilishwa urefu kwa mota ya umeme mtambo ukiongeza kasi. Pikipiki ya kubeba abiria na magunia haina haja ya bomba fupi la mashindano.

JE, UPEPO WA MBIO HUSAIDIA?

Wako vijana wanaougeuza mdomo wa hewa uelekee mbele, wakidhani upepo wa safari utaujaza mtambo. Wazo hili si la uongo. Mwaka 1990 kampuni ya Kawasaki ilitoa pikipiki ya ZZ-R1100 ambayo ilipokea hewa kwa mbele na kuipeleka katika sanduku lililofungwa vizuri. Lakini pikipiki hiyo ilikuwa ya mbio kubwa mno. Katika mwendo wa kilometa 300 kwa saa, upepo huongeza mgandamizo wa hewa kwa kiasi cha sehemu nne katika 100. Katika mwendo wa kilometa 100 hauzidi nusu ya sehemu moja katika 100. Na katika mwendo wa kilometa 60, faida haifiki hata sehemu mbili katika 1,000. Mpanda bodaboda hawezi kuiona faida hiyo, lakini hasara yake ataiona, maana mdomo ulioelekea mbele humeza vumbi, wadudu na maji ya mvua.

Mahali pema pa mdomo ni juu na penye kivuli, chini ya kiti, mbali na gurudumu na mbali na silinda yenye moto. Hewa ya moto ni nyepesi: hewa ya nyuzi 60 za sentigredi ina uzito pungufu kwa sehemu tisa katika 100 kuliko hewa ya nyuzi 30. Tena mdomo ukiwa chini, siku ya kuvuka mto uliofurika mtambo utavuta maji. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikiyakuta, fimbo yake hupinda au huvunjika.

KUONDOA CHUJIO SI KUONGEZA NGUVU

Desturi mbaya kuliko zote ni kuliondoa chujio, au sanduku zima, ili mtambo "upumue." Mngurumo huongezeka, na mwenyewe hudhani nguvu imeongezeka. Kwa kweli kabureta ilipimwa kiwandani ifanye kazi pamoja na sanduku lile. Likiondolewa, mvuto katika jeti hupungua, petroli huwa kidogo kuliko hewa, na mtambo hupata joto kupita kiasi. Na vumbi lote tulilolieleza huingia bila kizuizi.

Watu wa nyanda za juu waangalie pia jambo jingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Eldoret karibu mita 2,100. Huko hewa imepungua kwa kiasi cha moja ya tano, hivyo pikipiki itakuwa na nguvu kidogo kuliko ilivyokuwa Mombasa, hata ikiwa mpya. Hilo halitokani na chujio. Kama mtambo watoa moshi mweusi na kabureta ni ya kawaida, huenda ikahitaji jeti ndogo zaidi. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua, na gharama yake ni ndogo.

MAMBO YA KUFANYA

Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likaushwe kabisa, kisha lipakwe oili kidogo na kukamuliwa tena. Lisioshwe kwa petroli, maana petroli huharibu gundi yake na yaweza kuwaka. Chujio la karatasi lisiloshwe kamwe. Likung'utwe, au lipulizwe kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, na likichakaa libadilishwe. Wakati wa vumbi jingi, usingoje siku za sevisi. Litazame kila juma.

Kisha kagua bomba la mpira lililo kati ya sanduku na kabureta. Likipasuka, chujio zuri halina faida, kwa sababu hewa hupita njia ya mkato. Fungua bomba hilo na upitishe kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka safi, njia ni salama. Kikitoka na vumbi jekundu, mtambo umekwisha anza kula udongo, nawe utafute ufa ulipo siku hiyo hiyo.

Bei ya chujio au bomba la mpira ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya silinda na pistoni. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pikipiki, ufa wenyewe huwa mdogo kama ukucha, na ukuta ni mtambo mzima.