Jumatatu Bila Ngano

Jumatatu mkate wa ngano hauonekani mezani. Jumanne nyama hakuna. Jumatano ngano inapumzika tena, na Jumamosi nguruwe anaachwa bandani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ratiba ya mapishi Marekani mwanzoni mwa mwaka 1918. Familia iliyotia saini ahadi ya kuifuata ilipewa kadi ya kubandika dirishani, ili kila apitaye njia aione. Sasa tafuta sheria ya kumwadhibu mama aliyepika mkate mweupe siku ya Jumatatu. Hutaipata. Waoka mikate na wafanyabiashara wa jumla walifanya kazi kwa leseni, na kwao serikali ilikuwa na rungu. Jikoni haikuwa nalo. Ilikuwa na kadi, na majirani wa kuitazama hiyo kadi.

Namna Marekani ilivyofika hapo ni habari ndefu, nami nitaikata. Vita ilipolipuka Ulaya Agosti 1914, Rais Woodrow Wilson alitangaza kwamba nchi yake haiegemei upande wowote. Midomo haikuegemea, ila mizigo iliegemea. Wanamaji wa Uingereza waliziba njia za bahari za kwenda Ujerumani, hivyo ngano, pamba na risasi za Marekani zikawa zinakwenda London na Paris, nyingi kwa mkopo wa mabenki ya New York. Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya abiria Lusitania, watu 1,198 wakafa, 128 kati yao wakiwa Wamarekani. Hata hapo Wilson hakuingia vitani, na mwaka uliofuata alichaguliwa tena huku wapiga debe wake wakikumbusha kila mtaa kwamba ndiye aliyeiepusha nchi na vita. Februari 1917 Ujerumani ikaachia nyambizi zake zipige meli yoyote iendayo kwa adui zake. Mwezi uliofuata magazeti yakachapa telegramu ya siri ambamo Berlin iliiahidi Mexico kurudishiwa Texas, New Mexico na Arizona ikikubali kupigana upande wake. Tarehe 6 Aprili Marekani ikawa vitani. Wabunge 50 walipiga kura ya hapana, akiwemo Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuingia katika Bunge hilo.

Jeshi lenyewe lilikuwa dogo, na askari wa kuandikishwa upya wangechukua mwaka mzima kufundishwa. Kilichoweza kuvuka Atlantiki upesi ni chakula. Kwa hiyo sera ya nje ya Marekani, kwa miezi mingi ya mwanzo, ilipitia kwenye sufuria.

Aliyekabidhiwa sufuria hiyo ni Herbert Hoover, yatima wa Iowa aliyekuwa mhandisi wa migodi na kutajirika, kisha tangu 1914 akawa anaongoza kazi ya kuwalisha Wabelgiji waliokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Hakutaka kadi za mgao. Kwake mgao ulinuka utawala wa Kijerumani, ule ule uliokuwa unapigwa vita. Lakini hakuwa mtu wa ndoto. Mkulima alihakikishiwa dola 2.20 kwa kila busheli ya ngano, yaani kama kilo 27, bei nono iliyomfanya alime hadi kwenye kingo za barabara. Mimi huona siri ya mpango mzima imo hapa: mkulima hakuombwa uzalendo, alilipwa. Uzalendo uliombwa kwa mama jikoni, ambaye hakulipwa kitu, na ambaye katika majimbo mengi hata kura hakuwa nayo.

Naye aliutoa. Jina la Hoover likageuka kitenzi. Kwa Kiswahili labda tungesema "kuhuvarisha", yaani kubana matumizi ya chakula. Unga wa mahindi na wa shayiri ulichanganywa na ngano, sukari ikapimwa kwa kijiko. Mwaka 1918 watu walihimizwa wasitupe kokwa za pichi, kwa kuwa zikichomwa hutoa mkaa mgumu wa kuchujia gesi ya sumu. Kokwa zipatazo 200 zilitosha barakoa moja ya askari, na watoto walizunguka nazo kwenye ndoo. Ikulu nayo haikubaki nyuma: kondoo waliachiwa wale majani ya bustani, watu wa kukata nyasi wakafanye kazi nyingine, na sufu ya kondoo hao iliponadiwa ilileta zaidi ya dola 50,000 kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Picha zipo. Kondoo wanakula, nyuma yao nguzo nyeupe.

Nyuma ya bidii hiyo kulikuwa na mashine. Wiki moja baada ya kuingia vitani, Wilson aliunda kamati ya habari na kumpa mwandishi wa habari George Creel aiongoze. Creel alitumia kitu ambacho mtangazaji yeyote wa leo angemwonea wivu. Katika majumba ya sinema ya wakati ule, kubadilisha mkanda kulichukua kama dakika nne, na kwa dakika hizo ukumbi uliojaa watu ulikuwa umekaa bure. Akawapata wasemaji wa kujitolea, hatimaye wapatao 75,000: wanasheria, wachungaji, wenye maduka, watu wanaojulikana mjini. Taa zikiwaka, mmoja anasimama, anasema juu ya hatifungani za vita au juu ya ngano, dakika nne zikiisha anakaa. Aliyekuwa anakuhubiria hakuwa mgeni kutoka Washington. Alikuwa fundi wako wa viatu, na kesho mtakutana.

Sisi tuliokulia chini ya balozi wa nyumba kumi tunaielewa hali hii haraka kuliko wengi. Ila balozi ana cheo, na mwenye cheo unaweza kumshtaki kwa wakubwa wake. Jirani aliyejipa kazi ya kuhesabu nani amenunua hatifungani na nani hakununua, utamshtaki kwa nani?

Wa kwanza kuumia walikuwa Wamarekani wenye asili ya Ujerumani, na walikuwa mamilioni. Kuna mambo yaliyokuwa ya kuchekesha, kama kabichi ya kuchachusha ya Kijerumani kubatizwa jina la "kabichi ya uhuru". Mengine hayakuchekesha. Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alitangaza kwamba hadharani, shuleni, kanisani, ndani ya treni na hata kwenye simu isemwe lugha ya Kiingereza peke yake. Bibi aliyejua kumwomba Mungu kwa Kijerumani tu alitakiwa anyamaze.

Mwezi mmoja kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili, katika mji wa wachimba makaa wa Collinsville, Illinois, wananchi wenye hasira, kama magazeti yetu yanavyopenda kuwaita, walimtoa Robert Prager mikononi mwa polisi. Alizaliwa Ujerumani. Alikuwa amejaribu kujiunga na jeshi la majini la Marekani akakataliwa kwa sababu ya jicho. Walimruhusu aandike barua fupi kwa wazazi wake Dresden, kisha wakamnyonga mtini. Watu 11 walishtakiwa, na wazee wa baraza la mahakama waliwaachia wote baada ya muda usiozidi saa moja.

Kwa wapinzani wa vita serikali ilikuwa na sheria yake, ile ya ujasusi ya mwaka 1917. Kiongozi wa wasoshalisti, Eugene Debs, alihutubia Canton, Ohio, Juni 1918, akahukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa maneno ya hotuba hiyo.

Haya yote yalitendeka wakati Wilson akiuambia ulimwengu, katika hoja zake 14 za Januari 1918, kwamba hata katika mambo ya makoloni masilahi ya wenyeji yapewe uzito. Kutokana na mazungumzo yaliyofuata Versailles, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza kama dhamana ya Shirikisho la Mataifa, wakati Ugogo ikitoka katika Mtunya, njaa iliyoua maelfu baada ya majeshi ya pande zote mbili kubeba nafaka na ng'ombe bila kumpa mtu kadi ya kutia saini. Seneti ya Marekani iliukataa mkataba wa Versailles mara mbili, Novemba 1919 na Machi 1920.

Chakula, hata hivyo, hakikusimama. Hoover aliendelea kuilisha Ulaya, na Urusi ya Wabolsheviki ilipoingia katika njaa kubwa aliwapelekea mahindi hata wao. Debs alikuwa bado gerezani Atlanta. Mwaka 1920 aligombea urais kutoka selo akapata kura zaidi ya 900,000, na Wilson alikataa katakata kumsamehe. Tarehe 22 Desemba 1921 Bunge liliidhinisha dola milioni 20 za kununua nafaka na mbegu kwa ajili ya Warusi. Kesho yake Rais mpya, Warren Harding, alitia saini karatasi ya kumpunguzia Debs kifungo, na siku ya Krismasi mzee huyo akatoka nje ya lango.