Inua Jamii: Pesa zimeshatumwa, mbona nyanya bado hajapata?

Serikali ikitangaza kuwa pesa za Inua Jamii zimetumwa, simu huanza kulia siku hiyo hiyo. Watu wanauliza nyumbani kama zimeingia. Kuna wanaojibiwa ndiyo. Kuna wanaoambiwa wangoje, na wiki inaisha wakingoja.

Je, pesa zilizotumwa kielektroniki zinakwama vipi njiani? Tuieleze safari yake hatua kwa hatua.

Nani hulipwa, na ngapi?

Inua Jamii ina makundi matatu makuu: wazee wa miaka 70 kwenda juu wasiopokea pensheni nyingine, familia zinazolea yatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kila mnufaika hutengewa Sh2,000 kwa mwezi.

Mara nyingi malipo hujumlishwa, hivyo mtu hupokea ya miezi miwili au zaidi kwa mpigo. Hazina ya Kitaifa ikichelewa kutoa pesa, kila mtu huchelewa. Hapo hata teknolojia haisaidii, kwa sababu hakuna cha kutuma.

Mbona wakaacha kulipa mkononi?

Mpango ulipoanza na yatima mwaka wa 2004, pesa zilitolewa kwa mkono, na baadaye watu wakawa wanapanga foleni posta. Pesa taslimu zinapopita kwa mikono mingi, ni vigumu kujua ni ngapi zilizopotea, na marehemu anaweza kuendelea "kulipwa" miaka.

Akaunti ya benki inaacha alama. Inaonyesha nani alilipwa, lini, na kama pesa zimetolewa au bado zimelala. Hiyo ndiyo faida kubwa ya malipo ya kielektroniki, na ni faida ya kweli.

Safari yenyewe iko hivi

Kwanza, jina na nambari ya kitambulisho hulinganishwa na sajili ya serikali. Pili, wizara inayosimamia ulinzi wa jamii hutayarisha orodha ya malipo. Tatu, Hazina inatoa pesa na benki zinaziweka kwenye akaunti. Nne, mnufaika anaenda kwenye tawi au kwa ajenti kuzichukua.

Hatua tatu za kwanza hufanyika kwenye kompyuta. Ya nne hufanyika dukani, kwa miguu au kwa bodaboda. Mara nyingi ukisikia "zimetumwa" lakini mzee hana kitu mkononi, angalia hapo kwenye hatua ya nne.

Kidole kikikataa

Mnufaika hutambuliwa kwa kadi na alama za vidole. Lakini mtu aliyelima miaka 50 vidole vyake vimelainika, na ngozi ya uzeeni hukauka. Mashine inasoma, inakataa, inasoma tena, inakataa. Mzee anarudi nyumbani akidhani jina lake limefutwa.

Kadi ikipotea, au jina la kwenye kitambulisho likitofautiana herufi moja na la kwenye orodha, mambo huwa hayo hayo. Kwenye kompyuta huyo si mtu yule.

Ajenti akikosa keshi

Ajenti hulipa kwa pesa zilizo dukani mwake. Siku ya malipo wazee 100 wakifika pamoja, keshi huisha kabla ya saa sita. Wanaambiwa warudi kesho.

Kurudi kesho si bure. Tuseme nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni Sh300. Mzee akienda mara mbili, Sh600 kati ya Sh4,000 alizongojea miezi miwili zimeishia barabarani.

Si basi watumie simu tu?

Wengi husema hivyo, na kuna ukweli ndani yake. Wakati wa korona mwaka wa 2020, serikali ilituma Sh1,000 kwa wiki kupitia M-Pesa kwa baadhi ya familia maskini, zikiwemo za mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Pesa zilienda kwa kasi. Lakini shirika la Human Rights Watch lilisema mwaka wa 2021 kuwa ni sehemu ndogo tu ya wenye shida waliofikiwa, na wengi hawakujua majirani zao walichaguliwaje. Simu hupeleka pesa haraka kwa aliye kwenye orodha. Haiwezi kumwingiza aliyeachwa nje.

Halafu kuna swali la laini. Laini ya nyanya imesajiliwa kwa jina la nani? Nambari ya siri anaijua nani? Nyanya wengi wana kabambe isiyo na chaji, na PIN iko kichwani mwa mjukuu. Mjukuu mwaminifu ni baraka. Asiye mwaminifu atafuta ujumbe, na nyanya hatajua kamwe kuwa pesa ziliingia. Alama ya kidole ina shida zake, lakini angalau inamlazimu mwenyewe awepo.

Funzo kutoka kaskazini

Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango mwingine, HSNP, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Takriban familia 100,000 zimekuwa zikilipwa mara kwa mara.

Kilichofanyika huko ni kusajili familia nyingi zaidi ya zile zinazolipwa kila mara, na kuzifungulia akaunti mapema. Setilaiti huangalia hali ya malisho. Malisho yakikauka kupita kiwango fulani, familia za ziada nazo hulipwa kwa muda. Ukame wa 2015 ulipokaza, akaunti tayari zilikuwepo. Hakuna aliyeanza kuandikisha watu huku mifugo ikifa.

Maana yake ni kwamba kazi ngumu hufanywa kabla ya siku ya malipo. Orodha isafishwe, vitambulisho virekebishwe, maajenti wawekewe keshi ya kutosha. Ukibonyeza kitufe kabla ya hayo, unatuma pesa kwa akaunti, si kwa mtu.

Ufanye nini pesa zikikwama?

• Usikimbilie kusema jina limefutwa. Uliza benki kwanza kama pesa ziko kwenye akaunti.

• Kidole kikikataa kwa ajenti, osha na ukaushe mikono, jaribu kidole kingine, kisha nenda tawi la benki na kitambulisho.

• Mzee asiyeweza kutembea anaweza kuandikishiwa msaidizi wa kumchukulia. Mchague mapema, msingoje augue.

• Chukua risiti kila mara, na uhesabu pesa hapo hapo. Mtu akidai "kitu kidogo" ndipo alipe, ripoti.

• Malalamiko yapeleke kwa afisa wa huduma za jamii wa kaunti ndogo, au kwa chifu.

Na kama wewe ndiye mjukuu mwenye PIN, ujumbe ukiingia msomee nyanya kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Pesa ni zake.