Kabla ya Kwenda Kazi Ng'ambo, Panga Madeni Yako

Kwenda kazi nchi za ng'ambo si jambo geni tena katika nchi ya chai. Mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilipatana juu ya ajira ya wauguzi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zikatia sahihi mapatano mengine juu ya wafanya kazi wenye ujuzi. Nazo nchi za Ghuba, kama Saudia na Katari, zimekuwa zikichukua madereva, walinzi na watumishi wa nyumbani kwa miaka mingi.

Habari hizi ni njema kwa nyumba nyingi za Litein na vijiji vya jirani. Lakini liko jambo moja linalosahauliwa katika shangwe za kuagana, nalo ni madeni. Msafiri hupanda ndege, lakini deni lake halipandi pamoja naye. Hubaki nyumbani, na lisipomkuta mwenyewe huwaendea waliobaki: mdhamini, mzazi, mke au mume, hata chai iliyoko shambani. Kwa hiyo yafaa kila anayetaka kusafiri ajue deni lake litamwangukia nani, na afanye nini kabla ya kuondoka.

MDHAMINI NDIYE WA KWANZA KUUMIA

Watu wengi hukopa katika vyama vya akiba na mikopo, yaani Sacco. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi bila kwenda popote, hata pengine husahau kwamba anadaiwa. Siku anapoacha kazi ili asafiri, mshahara hukoma, na makato nayo hukoma. Lakini deni halikomi.

Tuseme mwalimu mmoja amebakiwa na deni la Shs. 240,000, na akiba yake chamani ni Shs. 90,000. Akiacha kulipa, chama huchukua akiba yake kwanza. Zitabaki Shs. 150,000. Ikiwa wadhamini wake ni watatu na wanagawana sawa, kila mmoja atakatwa Shs. 50,000, fedha alizoweka pengine kwa karo ya mtoto. Sheria yamruhusu mdhamini kumdai mdaiwa fedha hizo. Lakini mkulima wa Litein atamshtakije mtu aliyeko Doha? Ndiyo maana udhamini umevunja urafiki wa watu wengi.

SHAMBA NA CHAI

Deni la benki lililowekewa shamba rehani lina hatari kubwa zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, mdaiwa anayeshindwa kulipa hupewa kwanza ilani ya miezi 3 ili arekebishe jambo lake. Asipofanya hivyo, hupewa ilani nyingine ya siku 40 kabla shamba halijauzwa. Muda huo watosha kupatana na benki, ikiwa barua imesomwa. Lakini barua hupelekwa kwa anwani ambayo benki inaijua. Ikiwa sanduku la posta halifunguliwi, siku huendelea kuhesabiwa hata hivyo.

Kuna jambo la kumtia moyo mdaiwa wa benki. Tangu 2007 sheria imeweka mpaka wa riba. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba inayotozwa tangu hapo haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Anayedaiwa Shs. 200,000 hawezi kutozwa riba zaidi ya Shs. 200,000 nyingine, ingawa gharama za kudai huongezwa juu yake.

Mkopo uliochukuliwa kwa namba ya mkulima wa chai hukatwa katika malipo ya majani ya kila mwezi, au katika bonasi ya mwaka. Basi kijana aliyekopeshwa kwa namba ya baba yake ajue kwamba bonasi ya mzee ndiyo itakayolipa akinyamaza.

Wengine hukodisha chai yao kwa miaka kadhaa ili wapate nauli. Mapatano ya namna hii yaandikwe mbele ya mashahidi: miaka ni mingapi, nani atapokea bonasi, na nani atalipa mbolea. Mbolea iliyotolewa kwa mkopo huandikwa kwenye namba ya mwenye shamba, si ya mpangaji.

DENI LA SAFARI YENYEWE

Mara nyingi deni zito kuliko yote ni lile linalokopwa ili kusafiri. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanya kazi ada ya kumtafutia kazi. Mtu akitakiwa kulipa fedha nyingi, na aulize kila shilingi ni ya nini, na adai stakabadhi. Tena aulize kwanza katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala huyo ana leseni. Asiuze ng'ombe wala asikope kabla hajaona mkataba wa kazi wenye jina la mwajiri na kiasi cha mshahara. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret kwa ajili ya fedha walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada, na nafasi wasizipate. Hiyo ilikuwa safari ya masomo, lakini fundisho lake ni moja.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUONDOKA

Kwanza, andika madeni yote katika karatasi moja: ya Sacco, ya benki, ya masomo ya HELB, ya simu, ya duka, na ya jamaa. Usiache hata lile dogo. Kila mtu ana haki ya kupata bure, mara moja kwa mwaka, taarifa ya mikopo yake kutoka ofisi za kumbukumbu za mikopo, zinazojulikana kama CRB.

Pili, mwendee mkopeshaji wewe mwenyewe kabla hajakutafuta. Mweleze unakokwenda na mshahara utakaopata, na uombe kima kipya cha malipo kwa maandishi. Mwachie anwani yako mpya. Aliyeandikwa vibaya katika CRB hubaki na alama hiyo miaka 5 baada ya kulipa, na akirudi kutaka mkopo wa kujenga ataikuta ikimngoja.

Tatu, waambie wadhamini. Wasisikie habari za safari yako sokoni.

Nne, maliza madeni ya simu. Laini isiyotumiwa kwa muda mrefu hufungwa, na kwa laini hiyo ndipo ulipokuwa ukilipia.

Tano, chagua mtu mmoja mwaminifu wa kulipa kwa niaba yako, na umpe hati ya uwakilishi iliyotengenezwa na wakili. Hati hiyo itaje kazi zake waziwazi. Kama hutaki auze shamba, isimpe ruhusa hiyo. Kila mwezi akuletee stakabadhi.

Kutoroka si dawa. Chini ya Amri ya 39 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010, mdai akiithibitishia mahakama kwamba mdaiwa yu karibu kuondoka nchini ili kukwepa kesi, mahakama yaweza kuamuru akamatwe na atoe dhamana. Safari iliyogharimu fedha nyingi yaweza kukomea hapo.

UKISHAFIKA

Usiahidi kulipa tangu mwezi wa kwanza. Mshahara huja baada ya kufanya kazi, na mgeni ana kodi ya nyumba, chakula na nauli. Omba nafasi ya miezi 2 au 3, kisha uitimize ahadi bila kukosa. Fedha ya deni itangulie fedha ya kujenga na ya kununua kiwanja, kwa maana nyumba mpya haimpendezi mdhamini aliyekatwa akiba yake. Wala usikimbilie kukopa huko ugenini ili kulipa nyumbani. Katika baadhi ya nchi za Ghuba mdaiwa aweza kuzuiwa kutoka nchini mpaka alipe.

Wahenga walisema, dawa ya deni kulipa. Anayeondoka Litein akiwa amepatana na wadai wake huacha nyuma watu wanaomwombea heri. Anayeondoka kwa siri humwachia baba yake kazi ya kujibu hodi za watu asiowajua.