Gia otomatiki haziondoi hatari ya mteremko

MALORI yanayobeba mbao na viazi kutoka Njombe hupanda na kushuka vilima hadi Makambako, yanakoingia barabara kuu ya Dar es Salaam-Tunduma. Katika safari hiyo, uchaguzi wa gia ni suala la uhai.

Kwa gia za mkono, dereva hukanyaga klachi na kupanga gia mwenyewe. Katika malori mengi mapya, kama Volvo yenye mfumo wa I-Shift ulioanza mwaka 2001, gia za ndani hazitofautiani sana na hizo. Kompyuta na nguvu ya upepo ndizo zinazofanya kazi ya mguu na mkono.

Mfumo huo humpunguzia dereva uchovu na kuilinda klachi, lakini ukiharibika huhitaji fundi mwenye vifaa vya kompyuta.

Hata hivyo, kwenye mteremko kanuni ni moja: gia ndogo ishikwe mapema ili injini ilizuie gari. Dereva anayeweka gia huru ili kubana mafuta huziachia breki mzigo wote, nazo zikipata moto hupoteza nguvu. Isitoshe, injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe lori linapoteremka likiwa kwenye gia.